Deni la Malkia

Walinijia Jumanne, Mwalimu Onzima na wavulana wanne,
na picha iliyochanwa kitabuni:
mwanamke mweupe kama sahani,
shingo imezungushiwa duara la kitambaa
hata kichwa kikaonekana kimepakuliwa.
"Fundi Medina, tunataka huyu."
Nikauliza, huyu ni nani, na deni lake atalipa nani?
Wakacheka. Sikuwa natania.

Malkia wa Uingereza, miaka mia nne na ushei iliyopita.
Atakayemwigiza ni Ajiga wa kidato cha tatu,
ambaye sauti yake bado haijaamua.
Mvulana? Mwalimu akasema ndivyo walivyofanya hukohuko:
mwanamke kupanda jukwaani ilikuwa aibu,
kukalia kiti cha enzi, hiyo walimeza.
Nikabana pini midomoni nisijibu.

Nampima Ajiga kiuno, naye ananisomesha.
Kule kulikuwa na sheria ya nguo,
mahameli ya huyu, zambarau ya yule,
mke wa mshona viatu akijipamba kupita cheo, faini.
Ila bwana mkubwa akifa
nguo zake humwachia mtumishi,
na mtumishi, asiyeruhusiwa kuzivaa,
huwauzia waigizaji.
Basi mwana wa mchinjaji husimama mbele ya umati
ndani ya koti la marehemu,
akawa mfalme mpaka jua lipungue.

Nikaweka futi chini.
Mivumba, nikamwambia.
Hiyo ni mivumba.

Wakati huohuo Mama Candiru akachungulia dirishani,
kama kila wiki: Medina, mume huna, mtoto huna,
hiki cherehani utamwachia nani?
Nikamjibu kama kila wiki: uliza lingine.
Ajiga alikuwa ameinua mikono kama msalaba,
nampima kwapa. Hakusema kitu.
Baadaye ndipo aliponieleza
kwamba hata yule malkia hakuolewa,
na kuuliza nani atarithi ilikuwa hatia.
Hatia, nikasema. Kumbe watu walistaarabika.

Alhamisi, sokoni, robota likakatwa kamba.
Nikapata pazia la mahameli, kijani, zito, na kulabu zake;
gauni la harusi lenye doa la mvinyo pindoni;
vyote vimetoka kwao, Uingereza, kwa meli na lori.
Kumi na tano, nikashusha hadi kumi na moja.
Kola ni neti ya mbu,
mikunjo arobaini na miwili,
nimeikausha kwa maji ya muhogo na pasi ya makaa,
nikailaza juu ya beseni usiku kucha
mimi nimelala chini.
Uso, unga wa muhogo na mafuta.
Yule wa kweli, wanasema, alijipaka risasi
ikamla ngozi taratibu.
Hapa Arua risasi tunaijua. Haina taratibu.

Siku yenyewe: kiti elfu mbili, kusimama mia tano.
Nilisimama, kati ya wala karanga,
nikihesabu mishono yangu kwa mbali.
Washauri wakapiga magoti, suruali za shule chini ya majoho,
wakamwomba kwa Kiingereza kirefu aolewe,
ataje mrithi, nchi inatetemeka.
Ajiga akafungua mdomo.
Maneno yakawa yameondoka.
Mwalimu Onzima, nyuma ya pazia, ananong'ona, ananong'ona.
Kimya mpaka nikasikia maganda yakidondoka.

Akaigusa kola, mkunjo mmoja, taratibu,
akawatazama wale wanaume kutoka juu ya sahani yake,
akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti iliyovunjika katikati:
"Ulizeni lingine."

Ukumbi ukalipuka. Mtu akanimwagia karanga kichwani.
Sikuzifuta.

Gauni limerudi, limening'inia juu ya cherehani,
unga bado shingoni.
Mama Candiru amelitazama sana, ameondoka bila swali.
Elfu kumi na tisa, Mwalimu.
Sijasahau.